Mota Huungua kwa Hesabu

Mahindi mapya yanapoingia sokoni, mota nazo huanza kuungua. Bungoma huvuna mapema kidogo, Trans Nzoia hufuata kuanzia Oktoba, na kwa miezi hiyo mashine za kusaga hufunguliwa alfajiri na kufungwa usiku. Mahindi mengi huletwa yakiwa na maji kuliko asilimia 13.5 inayotakiwa ghalani, na punje yenye maji haipasuki kwa urahisi chini ya nyundo: hubonyea, hunata kwenye chekeche, na kuidai mota nguvu zaidi kwa kila debe. Mota ikiungua, mwenye mashine hulaumu umeme wa jioni, fundi hulaumu shaba nyembamba ya mota za siku hizi, muuzaji humlaumu aliyemimina mahindi. Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli. Lakini ndani ya kisanduku cha swichi, chini ya kontakta, kuna kifaa kilichonunuliwa ili kuzuia hasara hiyo bila kuuliza ni kosa la nani: ovalodi, yenye kitufe cha kuzungusha na namba za ampea pembeni yake. Kitufe hicho ndicho kinachonishughulisha hapa, pamoja na ndugu zake wa kisasa walio ndani ya inveta, kifaa kinachodhibiti kasi ya mota, na ndani ya amplifaya ya mota ya savo. Ninachodai ni kwamba namba inayowekwa pale ni hesabu ya joto na muda, kwa hiyo haina ruhusa ya kupanda eti foleni ni ndefu au umeme umeshuka. Kikomo kikikata, cha kupunguza ni mzigo.

Joto la waya wa shaba hukua kwa mraba wa mkondo unaopita ndani yake. Mkondo ukizidi kwa asilimia 20, joto la waya huzidi kwa asilimia 44. Mkondo ukizidi mara 1.4, joto hilo huwa maradufu. Waya wenyewe hauyeyuki kwa joto hilo. Kinachokufa ni vanishi iliyoupaka na karatasi zilizotenganisha koili na chuma, yaani kihami. Mota nyingi zinazouzwa leo zina kihami cha daraja F, kinachovumilia nyuzi 155, na wahandisi wana kanuni ya zamani kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi hupunguza maisha ya kihami karibu nusu. Hii ndiyo sababu mota iliyoteswa Novemba inaweza kuungua Machi, siku ambayo haina mzigo wa maana, na watu wote wakashangaa. Iliungua kwa deni la zamani. Hakuna aliyeona deni hilo likikua, maana joto halionekani kwa macho na mkono juu ya jumba la mota hauwezi kupima kinachotokea ndani ya koili.

Muda ni nusu ya pili ya hesabu. Mpagazi wa ghala anaweza kuubeba mgongoni mfuko wa kilo 90 hatua chache hadi kwenye lori, lakini hawezi kutembea nao kutoka Kitale hadi Webuye. Vivyo hivyo mota ina mkondo inaouweza kwa sekunde na mwingine inaouweza siku nzima. Mota ya kawaida ya fezi tatu hunywa mara tano hadi nane ya mkondo wake wa kawaida inapoanza kuzunguka, na haidhuriki, kwa sababu tendo hilo huisha kabla joto halijakusanyika. Ovalodi imetengenezwa kwa kuelewa hilo. Ndani yake kuna mabamba ya metali mbili yanayojipinda polepole kwa joto, na kanuni za kimataifa zinasema isikate mkondo ukiwa mara 1.05 ya namba iliyowekwa, ila ni lazima ikate ndani ya saa mbili mkondo ukifika mara 1.2. Ile ya daraja la 10 hukata ndani ya sekunde kumi mkondo ukifika mara 7.2. Kwa hiyo anayesoma namba 27 kwenye kitufe na kudhani kifaa kitakata mkondo ukigusa ampea 27 anakisoma vibaya. Ile namba ni mwanzo wa mazungumzo kati ya mkondo na saa.

Mazungumzo hayo yanaonekana wazi zaidi kwenye mota ya savo, ile inayovuta karatasi ya plastiki kwenye mashine ya kufungasha unga wa kilo mbili, au inayosogeza kisu cha mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Amplifaya yake ina vikomo zaidi ya kimoja, na kila kikomo kina saa yake. Cha kwanza hufanya kazi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde na hulinda transista za amplifaya yenyewe, ambazo zikizidiwa hufa kabla fyuzi haijapata habari. Cha pili ni kilele: mkondo mkubwa unaoruhusiwa kwa sekunde moja au mbili wakati wa kuongeza kasi. Cha tatu ni mkondo wa kudumu, unaolinda koili. Kilele kina hatari ambayo mota ya mashine ya kusaga haina, maana rota ya savo ina sumaku za kudumu. Mkondo mkubwa mno, hasa sumaku zikiwa moto, huzipunguzia nguvu milele. Mota iliyopoteza sumaku huhitaji mkondo zaidi kufanya kazi ile ile, mkondo huo huleta joto zaidi, na joto hudhoofisha sumaku zilizobaki. Fundi asiyejua chanzo ataongeza kikomo ili mashine irudi kwenye kasi yake, na hapo amesukuma gari kwenye mteremko.

Tuchukue mota ya savo yenye uwezo wa ampea 5 za kudumu na kilele cha ampea 15. Mashine inafungasha pakiti moja kwa sekunde: mota inavuta karatasi kwa ampea 12 kwa sekunde 0.2, inashikilia kwa ampea 2 kwa sekunde 0.4, kisha inapumzika sekunde 0.4. Anayetazama kilele pekee atatulia, kwani 12 iko chini ya 15. Anayechukua wastani wa kawaida pia atatulia: ni ampea 3.2. Lakini joto linafuata mraba, kwa hiyo wastani unaohusika ni mzizi wa wastani wa miraba, nao ni ampea 5.5. Mota hiyo inapikwa polepole, pakiti kwa pakiti, na itazima kwa hitilafu ya joto baada ya dakika kadhaa za kazi ambayo ilionekana haina tatizo. Kuongeza kikomo cha kudumu kutanyamazisha hitilafu na kuiacha sababu palepale. Kuongeza mapumziko ya sekunde 0.3 kati ya pakiti kunashusha hesabu hadi ampea 4.8, na mashine itafanya kazi mwaka mzima kwa pakiti 46 kwa dakika badala ya 60. Mwenye kiwanda anaweza kuchukia upungufu huo, na ana haki ya kuchukia, lakini dawa yake ni mota kubwa zaidi au kuongeza kasi taratibu badala ya kwa ghafla.

Kosa la gharama kubwa zaidi kwenye amplifaya hizi halitokani na tamaa. Mtengenezaji mmoja huandika mkondo kwa mzizi wa wastani wa miraba, mwingine huandika kilele cha wimbi, na tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni mara 1.41. Fundi akisoma 5 kwenye kibao cha mota, kibao kikiwa kinataja kilele cha wimbi, kisha akaweka 5 kwenye amplifaya inayohesabu kwa mzizi wa wastani wa miraba, ameiruhusu mota mara 1.41 ya mkondo wake na joto maradufu. Namba ni ile ile na mkono ulikuwa mwangalifu, ila mota imeshahukumiwa. Mashine za kusaga nazo zina pacha wa kosa hilo, baya zaidi, kwenye kisanduku cha sta-delta. Mota ya kilowati 15 kwa volti 415 huvuta karibu ampea 27 kwenye waya wa kuingilia. Katika visanduku vingi ovalodi haikai kwenye waya huo. Imefungwa baada ya kontakta kuu, ndani ya mzunguko wa delta, mahali ambapo mkondo ni asilimia 58 tu ya ule wa nje. Hapo namba sahihi ni karibu 15.6. Anayeweka 27 kwa kuwa kibao kinasema 27 ameipa koili mara 1.73 ya haki yake, na joto la shaba mara tatu. Kabla ya kugusa bisibisi, basi, swali la kwanza ni wapi ovalodi imefungwa.

Sasa tuje kwenye umeme wenyewe, maana hapo ndipo lawama nyingi zinapotupwa. Magharibi mwa Kenya ilipata gridi kwa njia ya kupita. Laini ya kilovolti 132 iliyoletwa kutoka Tororo mwishoni mwa miaka ya 1950 ilijengwa ili kufikisha megawati 30 za bwawa la Owen Falls hadi Nairobi. Musaga na Lessos ni vituo vilivyo kwenye njia hiyo. Bwawa la Turkwel, lenye megawati 106, liliwashwa mwaka 1991 huko Pokot Magharibi. Bwawa lile halimhakikishii mtu wa Kiminini volti 415 saa moja usiku, kwa sababu kati ya kituo kikubwa na mashine ya kusaga kuna kilomita nyingi za waya mwembamba na transfoma iliyoongezewa wateja mwaka hadi mwaka. Jioni, watu wakiwasha taa, pasi na majiko, volti hushuka. Mota haijui hilo wala haijali: mahindi yaliyo ndani ya kinu yanadai nguvu ile ile, kwa hiyo volti zikishuka kwa asilimia 10 mkondo hupanda kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ile mota ya ampea 27 inafika karibu 30 kwa mzigo wa mchana, bila mtu kuongeza hata kikombe cha mahindi. Nguvu ya kuanza kuzunguka nayo hushuka kwa mraba, hadi asilimia 81. Na kwenye hatua ya sta, ambayo tangu mwanzo hutoa theluthi moja tu, hubaki asilimia 27. Mota inakwama kwenye sta ikinguruma, na ovalodi inakata.

Hapa ndipo bisibisi inapotoka mfukoni, na mantiki yake inasikika vizuri: umeme ni dhaifu, mkondo umepanda si kwa kosa langu, basi kikomo nacho kipande ili kifidie. Mantiki hii imepinduka. Koili haitofautishi ampea iliyoletwa na mahindi mabichi na ampea iliyoletwa na volti ndogo. Zote zinaipasha joto sawasawa. Tazama pia inavyokuwa kwenye namba. Ovalodi ya kiwango cha ampea 23 hadi 32 ikizungushwa hadi mwisho, ahadi yake ya kukata ndani ya saa mbili inaanzia ampea 38.4, yaani mara 1.2 ya 32. Hiyo ni mara 1.42 ya mkondo wa mota yetu. Mwenye mashine aliyedhani ameongeza ampea tano ameruhusu joto la shaba maradufu, kwa saa mbili nzima, kabla kifaa hakijalazimika kusema neno. Kwa volti dhaifu cha kufanya ni kuuminya mdomo wa hopa. Ukimimina polepole zaidi, debe litachukua dakika chache zaidi, mkondo utarudi chini ya 27, na ovalodi haitakuwa na sababu ya kukata. Ampea-mita ya bei nafuu kwenye mlango wa kisanduku, yenye mstari mwekundu kwenye 27, ingemsaidia msagaji kuliko maonyo yote ya fundi, kwa kuwa ingempa jambo la kutazama wakati mkono wake uko kwenye hopa.

Wapo watakaopinga, na hoja zao si za kubeza. Ya kwanza ni ya kibiashara: ovalodi ikikata, lazima isubiriwe ipoe dakika kadhaa, na mteja aliyebeba debe lake hasubiri, anavuka barabara. Ni kweli. Lakini mota iliyoungua inafunga biashara kwa siku, si kwa dakika, tena katika msimu ambao fundi wa koili ana mota nyingine kumi sakafuni. Wakati mwingine hesabu inamruhusu mtu kuhatarisha mota kwa faida ya haraka, nami siwezi kumkataza mwenye mali yake. Namtaka tu ajue kwamba anacheza kamari, asidhani amerekebisha mashine. Hoja ya pili ni ya kitaalamu na ina uzito zaidi. Watengenezaji huacha akiba: mota nyingi zenye kihami cha daraja F zimeundwa zipande joto kwa kiasi cha daraja B tu, karibu nyuzi 80 juu ya hewa, na hivyo kubakiwa na nyuzi 25 za ziada. Isitoshe, hewa inayokadiriwa na viwango ni ya nyuzi 40, na Kitale haifiki huko. Je, akiba yote hiyo isitumike? Hata tukikumbuka kwamba si joto lote la mota linatoka kwenye shaba, mkondo wa mara 1.42 unaweza kulipeleka ongezeko la nyuzi 80 hadi karibu 130. Nyuzi 50 hizo zinameza akiba ya kihami na akiba ya hali ya hewa kwa pamoja. Na bado hatujahesabu unga uliojaa kwenye mapezi ya kupozea, ambao katika chumba cha kusaga ni blanketi la kudumu.

Hewa ya Kitale, kwa kweli, ina pande mbili. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, Bungoma karibu mita 1,400. Viwango vya mota na inveta huchukulia mwinuko usiozidi mita 1,000. Hewa ya Kitale ni nyepesi kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na ya pwani, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo hata feni ikizunguka kwa kasi ile ile. Kwa mota, viwango vinakubali biashara ya kubadilishana: ukiwa kwenye mita 2,000 na hewa ya chumba isizidi nyuzi 30 hivi, baridi ya mlimani inalipia wembamba wa hewa, na uwezo haupunguzwi. Kwa inveta na amplifaya, kanuni iliyozoeleka katika vitabu vya watengenezaji ni kupunguza asilimia 1 kwa kila mita 100 zinazozidi 1,000. Inveta ya ampea 30 inabaki na 28.8 Bungoma na 27.3 Kitale. Ni tofauti ndogo, lakini anayenunua mashine iliyotumika Bungoma na kuipandisha Kitale pamoja na namba zake zote amenunua kikomo kilichopimwa kwa hewa nyingine. Na chumba chenye paa la bati bila dirisha, adhuhuri ya Januari, kinaweza kufuta ile baridi ya mlimani iliyotegemewa.

Jambo linaloshughulikiwa kidogo mno, kwa maoni yangu, ni kumbukumbu. Amplifaya na inveta hazipimi joto la koili moja kwa moja. Hulikadiria kwa kujumlisha mraba wa mkondo kadiri sekunde zinavyopita, na kutoa kiasi fulani mota inapopumzika. Jumla hiyo hukaa kwenye kumbukumbu ya kielektroniki. Katika vifaa vingi vya bei nafuu, umeme ukikatika jumla hurudi sifuri. Umeme unaporudi baada ya dakika moja, kifaa kinaamini mota ni baridi kama ya asubuhi, wakati koili bado ziko nyuzi 120, na kinairuhusu kupanda tena mara kadhaa ya mkondo wake. Mahali ambapo umeme hukatika mara tatu jioni moja, kikomo kilichowekwa kwa usahihi kabisa kinaweza kudanganywa mara tatu. Ovalodi ya zamani ya mabamba haina udhaifu huo, kwa kuwa kumbukumbu yake ni joto lenyewe: umeme ukikatika, bamba hupoa polepole kama mota inavyopoa. Kwa hiyo simuungi mkono anayetupa ovalodi siku anaponunua inveta, ingawa nakiri kwamba ovalodi haiwezi kufungwa popote ovyo baada ya inveta bila kuangalia maelekezo. Kilicho bora zaidi ni kipima joto kilichozikwa ndani ya koili zenyewe, chenye nyaya mbili zinazoingia kwenye inveta. Mota nyingi mpya huja nacho. Nyaya hizo mbili mara nyingi huachwa zikiwa zimekunjwa ndani ya sanduku la viungio, bila kuunganishwa popote.

Kikomo pia si cha kulinda mota peke yake. Kwenye ghala kubwa la nafaka, mkanda wa ndoo unaopandisha mahindi juu ya silo ukikwama, mota hulemewa ikivuta mara kadhaa ya mkondo wake, na ovalodi ya daraja la 10 inaweza kuchukua sekunde kadhaa kuamua. Koili zitasalimika. Mkanda hautasalimika, kwa kuwa puli inaendelea kusugua pale pale, na mkanda unaofuka moshi ndani ya mnara uliojaa vumbi la nafaka ni jambo linaloogopwa na kila anayesimamia silo duniani, maana vumbi hilo hulipuka. Kwa kazi kama hiyo huhitajika kikomo cha pili, kinachokata ndani ya nusu sekunde mkondo ukipita, tuseme, mara mbili, baada ya muda wa kuanzia kwisha. Mota ya savo inafundisha jambo lile lile kwa njia yake: nguvu yake ya kuzungusha inalingana moja kwa moja na mkondo. Kama kila ampea inatoa nyuton-mita 0.5 na giaboksi haivumilii zaidi ya nyuton-mita 4, kilele cha ampea 15 alichokiandika mtengenezaji wa mota hakina maana tena. Kikomo ni ampea 8, na kimetoka kwenye kitabu cha giaboksi. Wanaofundisha somo hili katika vyuo vya ufundi vya kaunti za Bungoma na Trans Nzoia wangefanya vema kuanza na meno ya giaboksi na mkanda wa silo, na koili zije baadaye.

Kuna wanaosema basi kila msagaji anunue inveta, ambayo inaweza kushusha kasi badala ya kukata. Ningependa iwe hivyo, kwa kuwa kikomo kinacholegeza kamba kinafaa umeme wa jioni kuliko kinachokata. Ila bei yake ni kikwazo, vumbi la unga huingia ndani yake na kuziba feni, na vijijini, ambako umeme ulioletwa tangu 2015 na mradi wa Last Mile mara nyingi ni wa fezi moja, inveta huja na mtego wake. Ikilishwa fezi moja ya volti 240, inatoa fezi tatu za volti 240, si 415. Kibao cha mota ya kilowati 4 kinaweza kuandika 240/415 na chini yake 14.2/8.2. Mota hiyo ikifungwa delta kwenye inveta hiyo, kikomo ni 14.2. Aliyeweka 8.2 atalalamika kwamba inveta ni dhaifu na itakata kila anapofungua hopa. Aliyefunga mota sta akaweka 14.2 atapata moshi. Mtu mmoja anaweza kufanya makosa yote mawili wiki moja, akakata tamaa, akarudi kwenye injini ya dizeli.

Linabaki suala la mota zilizosukwa upya, ambazo katika mashine za kusaga za eneo hili ni nyingi mno kupuuzwa. Fundi akikosa waya wa unene ule ule, huweka mwembamba kidogo, au hupunguza mizunguko ili koili ziingie. Kuanzia siku hiyo kibao cha mota kinataja ampea za mota ambayo haipo tena. Waya wenye asilimia 85 ya shaba ya zamani, ukipewa mkondo ule ule, huzalisha joto la shaba zaidi kwa karibu asilimia 18, kabla hata hatujauliza vanishi mpya ni ya daraja gani. Fundi mwaminifu angebandika kibao kipya chenye ampea mpya, na mwenye mashine angekidai kabla ya kulipa. Pasipo kibao hicho, njia salama ni kuanza chini: weka ovalodi kwenye asilimia 80 ya namba ya zamani, hakikisha kwa klampu mita kwamba fezi zote tatu zinavuta karibu sawa, kisha saga mzigo wa kawaida. Ikikata huku jumba la mota likiwa na joto la wastani tu, ingawa jumba halitoi picha kamili ya koili, ongeza ampea moja, si tano, na usiguse tena kitufe hadi mashine ifanye kazi saa mbili mfululizo, kwa kuwa huo ndio muda ambao ovalodi yenyewe imepewa kuamua.